Manowari ya Bomba Tatu

Mwanzoni mwa Juni 1914 meli ya kivita ya Ujerumani ilitia nanga katika bandari ya Dar es Salaam, na watu wa mji wakafanya kile ambacho watu wa pwani hukifanya kila chombo kigeni kinapoingia: wakaitazama kutoka omo hadi tezi, kisha wakaipa jina lao. Königsberg lilikuwa neno gumu kinywani. Mabomba matatu ya moshi yaliyosimama mstari mmoja juu ya sitaha, hayo hayakuhitaji mkalimani. Ikaitwa Manowari ya Bomba Tatu, na jina hilo likasafiri bara zaidi ya ilivyoweza kusafiri meli yenyewe.

Nahodha wake alikuwa Max Looff, mzaliwa wa Strasbourg, mtu wa miaka 40 aliyekabidhiwa meli hiyo mwaka uleule na kuiongoza kutoka Kiel mwezi Aprili. Haikuwa meli kubwa sana: urefu wa mita 115, mabaharia na maofisa mia tatu na ushei, mizinga 10 yenye mdomo wa milimita 105. Sifa yake ilikuwa mbio. Iliweza kufikia mwendo wa maili 24 za baharini kwa saa, na hakuna manowari ya Waingereza iliyokuwa karibu ambayo ingeweza kuifukuza ikaifikia. Kazi aliyotumwa Looff ilikuwa ya heshima zaidi kuliko ya vita. Serikali ya koloni ilikuwa ikiandaa maonyesho makubwa mwezi Agosti, kusherehekea reli ya kati iliyokwisha kufika Kigoma, na meli mpya bandarini ingependezesha sherehe.

Maonyesho hayakufanyika. Tarehe 31 Julai, siku chache kabla Uingereza haijaingia vitani, Looff aling'oa nanga. Nje ya bandari alizikuta meli tatu za Admirali King-Hall wa Uingereza zikimsubiri, zimemzunguka ili zimwandame hatua kwa hatua mpaka amri ya vita ifike. Akaenda nazo taratibu. Kisha mvua ikashuka, ile ya ghafla inayofuta upeo wa macho, na ndani ya pazia hilo Looff akageuza meli, akaongeza moto na kuwapita waliomwandama kwa kasi kuelekea baharini. Mvua ilipopita, King-Hall hakuwa na wa kumwandama.

Hapo Looff alikuwa huru katika Bahari ya Hindi yote, na hapo ndipo shida yake ilipoanza. Meli ya mvuke hula makaa mchana na usiku, na kadiri inavyokwenda mbio ndivyo inavyozidi kula. Waingereza walikuwa na makaa kila walikopita, kutoka Afrika Kusini hadi Aden, na wakanunua hata yale yaliyokuwapo katika bandari za Wareno ili yasimfikie. Looff alikuwa na bandari moja tu ya kuitegemea, ile ya Dar es Salaam, na hiyo nayo Wajerumani waliizibia mlango kwa kuzamisha gati lao lenyewe linaloelea, wakiogopa kuvamiwa. Tarehe 6 Agosti, upande wa Aden, alikamata City of Winchester, meli ya kwanza ya biashara ya Uingereza kutekwa katika vita hivyo, imejaa chai ya Ceylon. Akaipeleka kwenye visiwa vya Kuria Muria, pwani ya Oman, akatoa makaa yake na kuizamisha. Makaa yenyewe yalikuwa hafifu, ya India. Wiki zote zilizofuata zilikwenda kwa kutafuta mengine, na meli nyingine ya biashara hakuikamata tena.

Mwanzoni mwa Septemba alijificha Rufiji.

Anayeijua delta ya Rufiji haulizi kwa nini. Mto unapokaribia bahari huvunjika vipande vipande, kila mkono na jina lake: Simba Uranga, Kikunja, Suninga, Kiomboni. Katikati ni misitu ya mikoko, ile iliyokuwa ikikatwa boriti za kuezekea nyumba za pwani na za Uarabuni kwa karne nyingi. Maji yakipwa ni tope. Yakijaa, mashua hupita mahali palipokuwa njia ya kaa. Ramani za Waingereza hazikuonyesha mahali pa kupita meli kubwa. Wajerumani walikuwa wamepima vina vyake muda mfupi tu kabla ya vita kwa meli yao ya upimaji, Möwe, na Looff alikuwa na vipimo hivyo mkononi. Manahodha wa Rufiji na Kilwa hawakuhitaji vipimo vya yeyote, lakini hakuna aliyewaandika. Königsberg ikapanda na maji ya kujaa mpaka Salale, na makaa yakaletwa kwa matishari kwa njia ya pwani.

Ndipo ikaja habari kwamba manowari ya Uingereza imeingia Zanzibar. Ilikuwa Pegasus, meli kongwe, na nahodha wake John Ingles alikuwa ameiweka bandarini ili mafundi wafungue mitambo na kuitengeneza. Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, Looff alitokea kwenye mlango wa kusini wa bandari, akaizamisha mashua ya doria Helmuth na kufyatua mizinga akiwa umbali wa kilomita kadhaa. Makombora ya Pegasus hayakuweza kuifikia Königsberg. Meli yenyewe haikuweza kusogea. Ndani ya dakika chache ilikuwa imenyamaza. Zaidi ya mabaharia 30 wa Kiingereza walikufa, na baadhi yao wamezikwa kwenye kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya mji, ambako makaburi yao yapo mpaka leo. Looff alipokuwa akiondoka aliwaamuru watu wake watupe majini mapipa yaliyojaa mchanga, ili Waingereza wadhani bandari imetegwa mabomu.

Huo ndio ushindi aliosifiwa nao maisha yake yote, na ni haki kusema ulivyokuwa: manowari yenye nguvu iliipiga manowari iliyolala. Looff alitumia nafasi aliyoipata, kama ambavyo ofisa yeyote wa majini angefanya, na wala hakuwa na nafasi nyingine. Siku ileile chuma kikubwa cha mtambo wake mmoja kilikatika. Alikuwa akitaka kuzunguka Afrika arudi kwao. Badala yake akarudi Rufiji akichechemea.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu sehemu hii ya habari husimuliwa kwa sentensi moja. Chuma kilichovunjika hakikuweza kutengenezwa msituni. Karakana iliyoweza kazi hiyo ilikuwa Dar es Salaam, na njia ya bahari ilikuwa ya Waingereza. Basi vipande vya mtambo wa meli vikashushwa, vikafungwa juu ya magogo, vikaburutwa na watu zaidi ya kilomita 100 katika ardhi ya mchanga, mabwawa na vichaka, na vilipokwisha kuungwa vikaburutwa tena kurudi. Waliovuta kamba hizo walikuwa wanaume wa vijiji vya Rufiji na vya njiani, waliokusanywa kwa amri ya maakida na majumbe. Hawakuwa na ugomvi na mfalme wa Uingereza. Shajara za maofisa zinataja siku walizochukua na uzito wa vyuma. Majina ya wavutaji hayamo. Mwandishi yeyote wa habari za Looff anajenga juu ya migongo hiyo, na hana budi kusema hivyo waziwazi.

Waingereza waligundua maficho kwa karatasi, si kwa darubini. Mwezi Oktoba manowari Chatham iliingia Lindi, ikaipekua meli ya Kijerumani Präsident iliyokuwa imejifanya ya hospitali, na ndani yake wakapata hati zinazoonyesha makaa yaliyopelekwa Salale. Tarehe 30 Oktoba waliona milingoti yake juu ya mikoko, imefunikwa matawi. Chatham ikaitiwa wenzake Dartmouth na Weymouth. Zote tatu zilikuwa nzito mno kuingia mtoni, na Königsberg ikasogea juu zaidi, mbali na mizinga yao. Tarehe 10 Novemba Waingereza walizamisha meli ya makaa, Newbridge, katika mkono wa Suninga ili kuziba njia, lakini delta ina midomo mingi. Wajerumani wakachimba mahandaki kwenye kingo, wakaweka bunduki za rashasha na walinzi juu ya miti wenye simu za waya.

Mzingiro huo ulidumu zaidi ya miezi 8. Kwa hesabu ya vita, hapo ndipo Looff alipoitumikia nchi yake vizuri kuliko popote: meli moja isiyo na makaa ilizifunga manowari kadhaa mbele ya mdomo wa mto wakati zilipohitajika kwingine. Kwa mabaharia wake hesabu ilikuwa nyingine. Delta wakati wa masika ni nchi ya mbu. Malaria na kuhara viliwaangusha watu waliozoea upepo wa Baltiki, sitaha ya chuma ikawaka jua mchana kutwa, na kwa kuwa kazi ya meli ilikuwa imepungua, wengi wao walichukuliwa kupigana nchi kavu pamoja na jeshi la Kanali Paul von Lettow-Vorbeck.

Waingereza nao walijifunza. Waliteka kisiwa cha Mafia mwezi Januari 1915, wakakifanya kituo cha ndege, miongoni mwa za kwanza kabisa kuonekana katika anga la sehemu hizo. Walimtumia mwindaji wa Afrika Kusini, P. J. Pretorius, kupita mikokoni usiku pamoja na wenyeji na kupima vina vya maji na mahali halisi meli ilipokaa.

Tumaini la mwisho la Looff lilikuja Aprili na jina la uongo. Rubens, meli ya Kijerumani iliyojivika bendera ya Denmark na jina Kronborg, ilizunguka Afrika ikiwa na makaa yake na silaha za jeshi la nchi kavu. Tarehe 14 Aprili 1915 manowari ya Uingereza Hyacinth iliikuta kaskazini mwa Tanga, ikaifukuza hadi ghuba ya Manza na kuichoma kwa mizinga. Nahodha Christiansen aliizamisha mwenyewe mahali pa maji machache, na kwa wiki kadhaa wapiga mbizi na vibarua walikuwa wakitoa bunduki na risasi, wakizianika na kuzifungua moja moja. Lettow-Vorbeck alipata silaha zake. Makaa ya Looff hayakufika. Tangu siku hiyo kila mtu ndani ya Königsberg alijua kwamba meli haitatoka tena.

Waingereza waliburuta kutoka Malta meli mbili za ajabu, Severn na Mersey. Zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya mito ya Brazili: bapa kama trei, zinaelea kwenye maji yasiyofika mita 2, na mizinga yao ilikuwa mikubwa kuliko ya Looff. Tarehe 6 Julai 1915 ziliingia mtoni na kurusha makombora zaidi ya 600, ndege zikiruka juu kuwaelekeza kwa redio. Looff alizijibu vizuri. Mersey ilipigwa, watu wakafa, na zote mbili zikarudi nyuma. Tarehe 11 Julai zilirudi. Ndege iliyoelekeza mizinga ilipigwa ikaanguka majini, lakini marubani wake walikuwa wameendelea kutuma habari huku wakishuka, na makombora ya Severn yakawa yameshapata shabaha.

Yaliyofuata yalitokea ndani ya saa chache. Sitaha iliwaka. Looff alijeruhiwa, na pembeni yake watu 19 wakapoteza maisha. Risasi za mizinga zilipokaribia kwisha na moto ukawa unakaribia ghala la baruti, aliamuru maji yafunguliwe ndani, vifungio vya mizinga vitupwe mtoni, na kichwa cha torpido kilipuliwe chini ya meli. Königsberg ikaketi juu ya tope, ikalala upande mmoja, mabomba yake matatu bado juu ya maji.

Kwa afisa wa majini hadithi ingeishia hapo, na Waingereza walidhani imeishia. Lakini mto ule ulikuwa na kina ambacho mpiga mbizi angeweza kukifikia, na vifungio vilivyotupwa viliokotwa kimoja kimoja kutoka kwenye tope. Katika wiki zilizofuata mizinga yote 10 ilivuliwa kwenye meli na kushushwa kwenye matishari. Kila mmoja, bomba lake peke yake, ulikuwa na uzito unaozidi tani. Ukapelekwa nchi kavu, ukaburutwa hadi Dar es Salaam, na katika karakana za reli mafundi wakautengenezea magurudumu na vigari vya kuuburuta. Mizinga ya bahari ikageuka kuwa mikubwa kabisa katika jeshi la Wajerumani barani, na kuanzia hapo kazi ya Looff ya kijeshi inaweza kufuatiliwa kwa kufuata njia za mizinga hiyo.

Mmoja ulipanda reli hadi Kigoma, ukafungwa juu ya Graf von Götzen, meli iliyoletwa kutoka Ujerumani vipande vipande ndani ya maelfu ya makasha na kuundwa upya ziwani Tanganyika. Meli hiyo ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza, na tangu 1927 imejulikana kwa jina la MV Liemba; wasafiri wa Kigoma, Kasanga na Mpulungu waliijua vizuri kwa miaka mingi. Mwingine ulitumika Kahe, chini ya Kilimanjaro, Machi 1916. Mizinga hiyo ilifika pia Kondoa Irangi mwezi Mei na kuwapiga makaburu wa Jenerali Van Deventer, wa upande wa Waingereza, waliochoka na mvua. Na Desemba 1916 mmoja ukapandishwa milima ya Matumbi hadi Kibata.

Njia hiyo ya Kibata ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa karibu. Ni milima yenye miteremko mikali na makorongo, udongo unaoteleza mvua zikianza. Farasi na punda walikufa kwa mbung'o. Mzinga ulivutwa kwa kamba na mamia ya watu kwa mpigo, wengine wakitangulia kukata miti na kusawazisha njia, wengine wakizuia nyuma kwenye mteremko ili chuma kisiwaponde walio mbele. Na hapo palikuwa Umatumbi, nchi ambako vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vilianzia mwaka 1905. Miaka 10 hivi tu ilikuwa imepita tangu Wajerumani wachome maghala ya chakula na kuua watu kwa njaa katika nchi za kusini. Mtu aliyekuwa kijana wakati ule sasa alikuwa na umri wa kuvutishwa kamba ya mzinga wao. Hilo halimo katika vitabu vya sifa za Looff wala vya Lettow-Vorbeck. Upande wa Waingereza nao haukuwa tofauti kwa mzigo: wapagazi waliokufa katika jeshi lao la wabebaji, hata kwa hesabu rasmi, wanapita 90,000, na kikosi hicho ndicho kilichoacha jina lake Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariakor, Nairobi.

Looff mwenyewe alifanywa kamanda wa nchi kavu. Aliongoza ulinzi wa Dar es Salaam, na mji ulipotwaliwa Septemba 1916 aliondoka kuelekea kusini. Vita vyake vyema vya bara vilikuwa Newala. Wareno waliokuwa Msumbiji walivuka Ruvuma na mwezi Oktoba wakaikalia boma ya Newala juu ya uwanda wa Makonde. Novemba Looff aliwapiga na kuwazingira, akiwanyima maji: Newala ni mahali pa juu, na chemchemi ziko bondeni. Usiku wa tarehe 28 Wareno walitoroka kurudi ng'ambo, wakiacha mizinga, risasi na vyakula ambavyo Wajerumani walivihitaji vibaya. Ofisa aliyeteswa na kiu ya makaa baharini alikuwa ameshinda kwa kiu ya watu wengine.

Mwaka 1917 ulikuwa wa kurudi nyuma, kutoka Lindi kwenda Mahiwa na Masasi. Mizinga ya Königsberg iliharibiwa mmoja baada ya mwingine kila ilipokosa risasi au wavutaji, na wa mwisho ulinyamaza katika mapigano ya Oktoba. Novemba Lettow-Vorbeck alichagua watu wenye afya wa kuvuka nao Ruvuma na kuwaacha wagonjwa, majeruhi na waliochoka. Looff alikuwa miongoni mwa waliobaki, akajisalimisha mwezi huohuo pamoja na mabaharia wachache wa manowari yake waliokuwa bado hai.

Serikali yake ilimpa nishani ya Pour le Mérite, ya juu kabisa kwa maofisa. Machi 1919 maveterani wa Afrika Mashariki walipita chini ya lango la Brandenburg, Berlin, na wachache wa Königsberg walikuwamo. Aliandika kitabu chake, Kreuzerfahrt und Buschkampf, na akaishi mpaka 1954.

Mizinga yake ilitawanyika. Mmoja uko Pretoria. Mwingine uko Fort Jesus, Mombasa, jirani na mzinga uliotolewa kwenye Pegasus, kwa kuwa Waingereza nao waliopoa mizinga ya meli yao na kuipeleka vitani nchi kavu.

Meli yenyewe ilibaki Rufiji, imeegemea tope lake, ikiliwa na kutu miaka nenda miaka rudi. Mwaka 1924 mtu alinunua kwa pauni 200 haki ya kutoa madini ndani yake, akatuma wapiga mbizi wakang'oe shaba. Mnunuzi huyo alikuwa John Ingles, aliyekuwa nahodha wa Pegasus.